Mazoezi ya Nje kwa Wenye Miaka 50 na Kuendelea: Namna ya Kuanza Bila Kuumia

Maswali huja yale yale. Nina miaka 57 na sijawahi kufanya mazoezi, nianze na nini? Magoti yananiuma, nitembee au nipumzike? Mbona natembea kila siku na bado kuinuka kwenye kochi ni kazi? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Unamfaa mtu wa umri wa kati au mzee anayeweza kutembea mwenyewe, hata kama ni kwa mkongojo. Huhitaji mashine. Benchi, ukuta, kidato cha ngazi na njia tambarare vinatosha.

Jambo moja lieleweke mapema: kutembea peke yake hakutoshi. Kunausaidia moyo, mapafu, presha na sukari, lakini hakujengi vya kutosha nguvu ya mapaja na nyonga, wala hakuufundishi mwili kujizuia pale mguu unapojikwaa. Misuli huanza kupungua polepole tangu umri wa miaka 30 na kitu, na ikishapita 60 kasi huongezeka. Mwenye mapaja yenye nguvu huinuka chooni bila kushikwa mkono, na akijikwaa, mguu wa pili huwahi kumdaka. Kwa hiyo mpango huu una sehemu tatu: kutembea, nguvu, na usawa wa mwili. Siku ukibanwa na muda, punguza kutembea. Usiruke nguvu wala usawa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Dakika 150 zisikutishe. Huko ni kwa kufikia baada ya miezi, na hata dakika 10 zina faida kuliko kukaa.

Nani amwone daktari kwanza

Usianze kabla ya kuongea na daktari au mhudumu wa afya ikiwa:

- unapata maumivu au mbano kifuani, moyo hukimbia ovyo, au umewahi kuzirai;
- umepata mshtuko wa moyo, kiharusi au upasuaji miezi ya karibuni;
- presha yako ukiwa umetulia ni 180/110 au zaidi;
- umeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, au umevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu;
- unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi;
- miguu ina ganzi, au una kidonda cha mguu.

Uliza pia kuhusu dawa zako. Baadhi ya dawa za moyo na presha hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo saa inayohesabu mapigo itakudanganya kuhusu ukali wa zoezi; tumia kipimo cha kuongea kilicho katika hatua ya 2. Dawa za kukojoza hupunguza maji mwilini, na kwenye joto kizunguzungu huja haraka.

Vitu vya kuandaa

*Viatu.* Hapa ndipo wengi wanakosea. Chagua raba za kufunga kwa kamba, zinazoshika kisigino. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Shika kiatu ncha zote mbili ukikunje: kipinde pale vidole vinapoanzia, kikipinda katikati ya unyayo, kiache. Vijaribu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ndala na viatu vilivyo wazi nyuma ni vya kupumzikia tu.

*Benchi au kiti kisichotikisika*, kimo cha sentimita 43 hadi 45, yaani karibu na goti lako. Kikiwa kifupi, weka blanketi lililokunjwa.

*Kidato* cha sentimita 10 hadi 20 chenye kitu cha kushika pembeni, na *ukuta* usioteleza.

*Chupa mbili za nusu lita* zilizojaa maji. Ni za kunywa, na pia ndizo uzito wako wa kwanza: kila moja ni takriban nusu kilo.

*Simu, na kadi mfukoni* yenye jina lako, maradhi, dawa unazotumia na namba ya ndugu.

*Mkongojo*, kama unautumia. Simama wima, mikono ikining'inia: sehemu ya kushika iwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Ushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande unaouma, na hapo hauwasaidii.

*Miwani.* Zile zenye sehemu mbili, juu ya kuona mbali na chini ya kusomea, huifanya ardhi ionekane kwa ukungu unapotazama chini. Kama unazo za kuonea mbali peke yake, toka na hizo.

Toka asubuhi mapema au jioni jua likipoa. Kiu hudhoofika kadiri umri unavyoongezeka, kwa hiyo usingoje kiu: kunywa glasi ya maji nusu saa kabla, na mafundo machache kila dakika 15 hadi 20. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo afuate kiasi alichopewa. Baada ya mlo mzito, subiri saa moja na nusu hivi.

Jipime siku ya kwanza

Vipimo viwili tu, matokeo yaandikwe kwenye daftari, kisha rudia kila wiki 4. Awepo mtu karibu.

Kwanza, *kuinuka kwa sekunde 30*. Kaa kwenye kiti, mikono ipishane kifuani, kisha inuka wima na ukae, tena na tena hadi muda uishe. Hesabu mara ulizosimama wima. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akipata chini ya 14 na mwanamke chini ya 12, miguu ni dhaifu kuliko inavyotarajiwa. Kwa 65 hadi 69 ni 12 na 11. Kwa 70 hadi 74 ni 12 na 10. Kwa 75 hadi 79 ni 11 na 10. Ukilazimika kujisukuma kwa mikono, andika 0. Ni mahali pa kuanzia tu, na namba hii hupanda ukifanya mazoezi kwa utaratibu.

Pili, *miguu mstari mmoja*. Simama kando ya ukuta, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, macho wazi, bila kushika. Ukishindwa kufika sekunde 10, hatari ya kuanguka ni kubwa zaidi, na mazoezi yote ya usawa uyafanye mkono ukiwa juu ya kitu imara.

Zoezi lenyewe, hatua kwa hatua

Fanya siku 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Wiki mbili za kwanza, kila zoezi la nguvu ni seti moja ya mara 8, yaani kulifanya mara 8 mfululizo.

1. Pasha mwili moto, dakika 5 hadi 7. Tembea taratibu, kisha zungusha mabega, inua magoti papo hapo ukiwa umeshika benchi, na zungusha vifundo vya miguu. Kwenye baridi ongeza dakika 5. Kuvuta misuli kwa nguvu ikiwa bado baridi hakufai; hiyo ni kazi ya mwisho.

2. Tembea dakika 10. Tazama mita 3 hadi 5 mbele, si kwenye vidole vya miguu. Kisigino kitangulie, mikono iende yenyewe. Mwendo wa wastani kwa wengi ni kama hatua 100 kwa dakika: hesabu kwa sekunde 15, ukipata 25 uko sawa. Kipimo cha uhakika zaidi ni mdomo wako. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

3. Kuinuka na kuketi. Kama ungefanya zoezi moja tu maishani, ningekushauri hili. Kaa nusu ya mbele ya benchi, usiegemee. Vuta miguu nyuma hadi visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Inamisha kiwiliwili mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu. Kandamiza ardhi kwa unyayo mzima, toa pumzi, inuka. Simama wima kabisa na ukaze makalio. Sasa shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse benchi bila kishindo.

   Kushuka ndiko kunakoshindwa na wengi: hufika nusu wakajibwaga. Ile sekunde ya mwisho ndiyo inayofundisha paja kazi litakayoifanya unaposhuka ngazi, kwa hiyo usiipoteze. Magoti yakikimbilia ndani, yasukume nje yaelekee kidole cha pili cha mguu. Ukishindwa kuinuka kabisa, angalia kwanza miguu. Mara nyingi iko mbele mno. Kisha ongeza kimo kwa blanketi, sentimita 5 hadi 10, au jisukume kwa viganja juu ya mapaja. Usibane pumzi, kwa sababu presha hupanda ghafla. Ikiwa rahisi, kumbatia chupa mbili kifuani. Kuanzia wiki ya 5, inuka kwa haraka na uendelee kushuka polepole. Anayejikwaa huokolewa na misuli inayoitika upesi, na wepesi huo hupotea mapema kuliko nguvu.

4. Kusukuma ukuta. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua. Kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kisha sukuma. Viwiko vielekee chini kwa mshazari, visitanuke kama mabawa, maana bega litalalamika. Ikiwa rahisi, sogeza miguu nyuma nusu hatua, au hamia kwenye mgongo wa benchi lililojengewa chini.

5. Kupanda kidato. Shika kitu pembeni. Weka unyayo wote juu ya kidato, usiache kisigino kikining'inia. Kabla ya kupanda, inua vidole vya mguu uliobaki chini. Hiyo huuzuia kujirusha na kumsaidia mwenzake, hivyo mguu wa juu ndio unaofanya kazi. Shuka polepole kwa mguu ule ule uliokuwa chini. Mara 8 kila mguu. Goti likiuma, tumia kidato cha sentimita 10.

6. Kuinua visigino. Shika ukuta kwa ncha za vidole, inuka juu ya vidole vya miguu, tulia sekunde 2, shuka kwa 3. Hili huimarisha misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti, inayokusukuma mbele kila hatua.

7. Kubeba. Shika mfuko wenye uzito sawa kila mkono, tembea mita 20, mabega chini, kifua wazi. Anza na kilo moja kila upande na uongeze nusu kilo kila wiki mbili. Ni zoezi la mikono, mgongo na usawa kwa mpigo mmoja.

8. Usawa, dakika 5. Kuna ngazi nne: miguu pamoja, mguu mmoja nusu mbele ya mwingine, mstari mmoja, mguu mmoja hewani. Kaa kwenye ile unayoyumba kidogo lakini huanguki. Ukimudu sekunde 30 bila kushika, panda ngazi inayofuata. Kisha fanya hatua 10 za pembeni kwenda na kurudi, na hatua 10 ukipachika kisigino mbele ya vidole, kando ya ukuta. Usifumbe macho ukiwa peke yako. Kutoyumba kabisa ni dalili kwamba zoezi ni rahisi mno na halikufundishi kitu.

9. Poza mwili, dakika 5. Tembea taratibu hadi pumzi irudi. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka. Kisha nyoosha nyuma ya paja: keti, nyoosha mguu mmoja, inama kutoka kwenye nyonga mgongo ukiwa umenyooka. Kwa sehemu ya nyuma ya mguu chini ya goti, sukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini. Shikilia sekunde 30, bila kudunda. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asijikunje mgongo mbele wala asijisokote, maana pingili zinaweza kuvunjika.

Kuongeza kwa wiki

Wiki ya 3 na ya 4: seti 2 za mara 8 hadi 10, kutembea dakika 15. Wiki ya 5 hadi ya 8: seti 2 au 3 za mara 10 hadi 12, kutembea dakika 20 hadi 30. Siku ambazo si za nguvu, tembea tu. Siku tano za dakika 30 zinakupa zile 150.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza uzito, usiongeze marudio wiki hiyo. Ni rahisi kuumia wiki ya 3 au ya 4: mwili umechangamka, moyo na pumzi vimeshazoea, lakini kano na viungo huchelewa kuzoea. Unapojiona unaweza mara mbili ya ratiba, baki kwenye ratiba.

Mambo yakienda mrama

*Goti au nyonga inauma wakati wa zoezi.* Pima maumivu kwa 0 hadi 10. Yakiwa hayazidi 5 na yakatulia ndani ya saa 24, endelea. Kwa magoti yaliyochakaa, kuimarisha mapaja ni sehemu ya tiba. Yakizidi, au goti likivimba, punguza kimo cha kidato na marudio kwa nusu. Goti linalokwama au kulegea ghafla lichunguzwe hospitali.

*Misuli inauma siku ya pili.* Ni kawaida kwa anayeanza, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha huisha. Tembea kidogo, na usirudie zoezi la nguvu mpaka uweze kushuka ngazi bila kukunja uso. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Kizunguzungu unapoinuka.* Keti, kunywa maji, kanyaga kanyaga miguu kabla ya kuinuka tena. Kikijirudia siku nyingine, pima presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na umpelekee daktari namba hizo; huenda kipimo cha dawa kinahitaji kurekebishwa.

*Sukari.* Kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha, pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 90 mg/dL (5 mmol/L), kula kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga unaoyeyuka haraka. Beba kitu cha sukari. Kutetemeka, jasho la ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za kushuka, na inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku. Kagua nyayo kila ukirudi.

*Mkojo unachomoka unapoinuka au kupanda.* Hutokea sana, wanaume kwa wanawake, na watu huacha mazoezi kimya kimya kwa aibu. Usiache. Kaza misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo sekunde moja kabla ya kuinuka, toa pumzi, ndipo uinuke. Isipopungua baada ya miezi mitatu, kuna tiba. Mweleze mhudumu wa afya.

*Umeanguka.* Usiinuke haraka. Tulia dakika moja, jikague. Ikiwa nyonga inauma sana au mguu hauwezi kubeba uzito, piga simu na ubaki hapo. Kama uko salama, geukia ubavuni, jiinue kwa mikono na magoti, tambaa hadi kwenye benchi, weka mikono juu yake, lete mbele mguu wenye nguvu, inuka, geuka ukae. Jizoeze mbinu hii nyumbani juu ya godoro kabla hujaihitaji. Ukigonga kichwa, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya.

*Acha mara moja na utafute msaada* ukipata mbano kifuani, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi, kukosa pumzi kusikotulia, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au ulimi kuwa mzito ghafla. Usijaribu kutembea hadi nyumbani.

*Umeacha kwa sababu ya ugonjwa au safari.* Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia, seti moja pungufu. Ukikosa wiki mbili hadi nne, rudi kwenye nusu ya ulichokuwa unafanya. Zaidi ya hapo, anza wiki ya 1 na ujipime upya. Baada ya homa, subiri siku mbili bila homa, siku ya tatu tembea dakika 10 tu, na usiguse kidato mpaka dakika hizo zipite bila kuhema.